Mchungaji wa Kuku

Ungepita njia ya vumbi inayotoka barabarani Nyabiyonza kuja kwetu, asubuhi, jua likiwa limeshaikausha migomba umande, ungemkuta katikati ya njia. Fimbo ndefu ameilaza mabegani, mikono yote miwili ameitundika juu yake kama wanavyofanya wachunga ng'ombe, na anapiga mluzi. Kama ni mgeni ungetazama mbele yake kutafuta ng'ombe, na usingewaona. Ungeona kuku. Wanatembea mbele yake, wengine wanadonoa huku na huku, jogoo ameinua shingo kama mwenyekiti wa kitongoji, na yeye nyuma yao anawaongoza taratibu kwenda kwenye shamba lililovunwa maharage.

Kijijini tulimwita Mchungaji wa Kuku. Lilianza kama jina la kumcheka. Alitoka kwenye ukoo wa wafugaji, wale wa kule mbugani, na mtu wa kwao kuonekana na kuku lilikuwa jambo la kushangaza. Lakini yeye alilipokea jina lile kama amepewa cheo. Ukimwita hivyo aliitika kwa sauti kubwa, na fimbo aliinyanyua.

Jina hilo liliwahi kuleta kisa. Mwinjilisti mmoja kijana alitumwa kutoka Kyerwa kuja kumwona mchungaji wetu wa kanisa, akauliza watoto njiani, "Kwa mchungaji ni wapi?" Watoto hawakusita. Wakamleta kwa Mchungaji wa Kuku. Yule mzee hakushangaa hata kidogo kuona kijana aliyevaa koti na kubeba Biblia. Alimkaribisha, akamkalisha, mkewe akapika ndizi na majani ya maboga na mayai ya kukaanga, wakala, wakazungumza habari za mvua. Kijana akaomba aombewe kabla ya kuondoka. Mzee akaomba. Aliomba kwa ajili ya mimea, kwa ajili ya wajane, kwa ajili ya vifaranga na dhidi ya mwewe, mpaka kijana akafungua jicho moja. Alipotoka ndipo alipokutana na mume wangu, akamwambia, "Mchungaji wenu ni mtu wa watu kweli, ila anapenda sana kuku." Mume wangu alicheka hadi akashika mgomba. Ilibidi amsindikize kwa mchungaji wa kanisa, na kule nako akala tena.

Mimi nilikuja hapo kama bibi arusi. Kibanja chetu, shamba la migomba lenye nyumba ndani, na cha Mchungaji wa Kuku vilipakana, na kati yetu palikuwa na mstari tu wa mimea ya mpaka ambayo kuku hawaitambui. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, wakati ule ambao asubuhi kuna baridi ya kukunja mabega na mchana vumbi linakaa juu ya majani ya migomba kama unga. Mama yangu alikuwa amenipa tetea wachache nianzie maisha. Niliwafungulia wiki ya kwanza tu, na mmoja wao akavuka mpaka.

Sikujua kwamba upande wa pili jirani alikuwa na kitalu. Alikuwa amepanda mbegu za kabichi na nyanya chungu, amezifunika kwa nyasi kavu, anazimwagilia maji yaliyooshewa vyombo na maji ya kuogea, maana mwezi ule maji safi yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Alitaka miche iwe tayari mvua ya kwanza ikianguka. Tetea wangu alikichimbua kitalu chote.

Nikamwona anakuja uani kwetu, kuku wangu kwapani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Bibi Arusi. Nimekuletea mgeni wako."

"Amefanya nini, baba?"

"Amefukua kitalu changu. Chote. Hata mbegu moja hakuniachia." Alikuwa anasema kwa sauti ya chini sana, karibu ya kunong'ona. Halafu akamgeuza yule kuku, akamtazama miguu. "Lakini nimekaa kumwangalia alivyofanya kazi. Hana mchezo. Sasa nimekuja kuomba. Akitotoa, naomba vifaranga viwili."

Sikujua nicheke au nilie. Mama mkwe wangu, aliyekuwa anamenya ndizi, ndiye aliyecheka. "Mpe, mwanangu," alisema. "Usipompa atakuja kila siku kumwangalia miguu."

Baadaye nikajua kuwa ule mnong'ono ndio hasira yake. Mtu huyu alikuwa kinyume cha watu wengine: akikasirika alinong'ona, akifurahi alipiga kelele. Siku nzima ukisikia sauti yake inavuma kibanjani ulijua mambo ni mazuri. Ukimwona anazungumza na mtu huku amemsogelea, mdomo karibu na sikio, ulijua huyo mtu ameharibu kitu.

Alinifundisha bustani bila kusema ananifundisha. Alikuja tu akasimama kwenye mpaka akaanza kunieleza anachofanya yeye. Kwamba wakati wa kiangazi, kabla ya kupanda, anawafungia kuku kwenye tuta, anawarushia majani makavu na mabaki ya jikoni, wao wanachakura, wanakula funza, wanaacha samadi. Kwamba wakishamaliza anawatoa, anaweka uzio wa matete, na tangu hapo kuku akionekana ndani ni mhalifu. Kwamba mchicha upandwe karibu na mlango wa jiko, kwa sababu mama akiwa na njaa ya mboga hataki kutembea. Niliitikia tu, "Ndiyo, baba," kisha akiondoka nakimbia kufanya vilevile. Mwaka wa pili majani yangu ya maboga yalipanda hadi juu ya paa la jiko. Alikuja akayatazama, akapiga kelele hivi kwamba watu wa njiani walisimama: "Waitu! Bibi Arusi amelima mpaka angani!"

Aliendelea kuniita Bibi Arusi hata nilipokuwa na watoto wanaosoma sekondari.

Alikuwa na uchoyo wa ajabu na ukarimu wa ajabu, vyote pamoja. Jembe lake hakumwazima mtu. Ungemwomba, angekwambia kwa upole kwamba jembe hilo limezoea mkono wake na mkono mwingine litauumiza. Panga vilevile. Ndoo usiseme. Lakini mazao alikuwa anayagawa kama mtu anayeyakimbia. Hakugonga mlango wala kukuita. Unaamka, unafungua mlango wa jiko, unakuta kabichi imekaa kizingitini kama mgeni aliyechoka kubisha hodi. Wakati mwingine boga. Mara moja nilikuta bilinganya zimepangwa kwa mstari, kubwa mpaka ndogo, na nikajua siku hiyo alikuwa na furaha.

Kuku wake aliwapa majina ya ng'ombe. Kwao ng'ombe huitwa kwa rangi ya ngozi, basi naye alikuwa na Bihogo, kuku mwekundu wa kuiva, na Gaaju, wa rangi ya kahawia, na wengine. Jioni, wakati wa kuwaingiza bandani, alikuwa akiwasifu, kwa ile kasi ya wachungaji wanaposifia madume yao, bila kuvuta pumzi. Nilimsikia mara nyingi kupitia mpaka. "Bihogo aliyemkimbiza mwewe hadi mwewe akaomba radhi! Bihogo anayetaga kwenye kofia ya mwenyewe! Bihogo asiyeogopa mbwa wala mkwe!" Kuku walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na sijui kama ni sifa zile au ni giza, lakini hakuna aliyebaki nje.

Alipoulizwa ni kwa nini aliacha ng'ombe akashika kuku, alikuwa na jibu tofauti kila mara. Kwamba ng'ombe hawana mazungumzo. Kwamba miguu yake ilichoka kufuata nyasi. Kwamba alitaka mifugo ambayo ikimkanyaga haumii. Ukweli niliupata kwa mkewe, mama mmoja mtulivu wa huku kwetu kwenye migomba, siku tulipokuwa tunachambua maharage.

Alisema baada ya kujifungua mtoto wao wa kwanza aliishiwa damu. Hakuweza kusimama. Muuguzi wa zahanati akamwambia mume: mayai na mboga za majani, kila siku. "Yeye alikuwa anajua maziwa tu," mama alisema. "Mboga alikuwa anaziita nyasi. Aliondoka asubuhi, sikujua ameenda wapi. Jioni namwona anaingia. Ametoka Nkwenda sokoni. Kuku kwapani, na miche ya mchicha ameifunga kwenye jani la mgomba. Amepita katikati ya ndugu zake wote wakimwona. Walimzomea, walimwita mwanamke. Hakuniambia. Niliambiwa na watu." Akachambua maharage kidogo. "Alikaa chini akaniuliza, hivi hii nyasi inapandwa kichwa juu au chini?"

Tulicheka wote wawili, kisha mama akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jambo ambalo sikulijua mpaka miaka mingi ilipopita ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa anakula mayai. Wala kuku. Alifuga, alikaanga kwa ajili ya wageni, alimlisha mkewe na watoto, lakini yeye alikunywa maziwa yake na kula ndizi na maharage. Mboga alikuwa amezizoea. Yai lilimshinda. Kwao halikuliwa na wanaume waliojiheshimu, na hicho ndicho kipande kidogo cha kwao alichokuwa amebaki nacho.

Kisha ukaja ule mwaka wa kideri.

Ugonjwa ule hupenda kuja kiangazi kikiwa kinakaribia kwisha, upepo ukiwa mkavu. Ulianza upande wa chini, tukasikia kwa fulani kuku wote wamekufa, kwa fulani wote. Kuku anaanza kusinzia, shingo inapinda, kisha basi. Kwangu walikufa kwa siku chache. Kwake pia. Nilimwona akichimba shimo nyuma ya migomba, na nikaenda kumsaidia. Bihogo alikufa wa mwisho. Alimzika peke yake, pembeni, kisha akaingia ndani na akafunga mlango mchana.

Kwa muda kibanja kile kikawa kimya. Mvua zikaanza, na yeye hakutoka kupanda. Kumbikumbi waliruka usiku ule wa kwanza, na asubuhi ardhi ilikuwa imejaa mabawa, na hapakuwa na kuku wa kuwakimbilia. Niliona jambo hilo ni la kusikitisha kuliko makaburi. Mkewe alipanda mwenyewe, na mimi nilivuka mpaka nikasaidia, na yule mzee alikaa mlangoni anatutazama na blanketi mabegani.

Siku moja alisimama. Alivaa koti, akachukua fimbo, akaenda kwa bwana mifugo. Alirudi na habari kwamba kuna chanjo, tone moja kwenye jicho, lakini haifai mtu kuchanja peke yake, inabidi kijiji kizima kichanje kwa wakati mmoja. Basi akaanza kuzunguka. Kila nyumba. Wengi walimkatalia. Walisema hata kuku hawana, wachanje nini. Yeye akasema mtakuwa nao, na wakija muwe tayari. Mzee mmoja alimwambia waziwazi kwamba kuku ni wa wanawake, akaongee na wanawake. "Nimeshaongea nao," alijibu, kwa mnong'ono, mdomo karibu na sikio la yule mzee. "Wamenituma kwako."

Alipata vifaranga kwa ndugu wa mkewe huko Kanoni. Sisi nasi tukaanza upya, kila mtu kwa namna yake. Na msimu uliofuata, nyasi zilipoanza kukauka, tulifanya ile siku ya chanjo. Alikaa kwenye kigoda chini ya kivuli chembamba cha migomba, na sisi wanawake na watoto tukapanga mstari, kila mtu na kuku wake kwapani au kwenye tenga. Bwana mifugo alidondosha, yeye alishika. Kila kuku aliyeshika alimwambia neno. Mmoja alimwambia, "Pole, binti." Mwingine, jogoo wangu mkorofi, alimwambia, "Wewe ni mume, kaza." Kiangazi kile kideri kilipita bonde la pili, hakikutugusa. Alipiga kelele wiki nzima.

Ni baada ya hapo ndipo alipokuja kaka yake.

Huyu kaka alikuwa mkubwa wake, mrefu kama yeye, mwenye kofia pana na koti refu lisilovuliwa hata jua likiwa kali. Hakuwahi kukanyaga nyumba ya mdogo wake tangu siku ile ya soko la Nkwenda. Lakini ng'ombe walikuwa wamehamishwa mbali kufuata malisho, magoti yake yakagoma kwenda nao, na wanawe wakaona afadhali akae kwa mdogo wake hadi mvua. Walimleta kwa pikipiki. Alishuka, akasimama uani, akawatazama kuku muda mrefu.

"Ndio hawa?" aliuliza.

"Ndio hawa," ndugu yake akajibu.

"Hawana hata kivuli."

Siku za kwanza alikaa kwenye kiti akiiangalia barabara, mgongo amewapa kuku. Alikula ndizi, alikunywa maziwa tuliyokuwa tukimtafutia, na mboga alizisukuma pembeni ya sahani. Kisha sahani ikaanza kurudi tupu. Na asubuhi moja nilipotoka kwenda kutafuta kuni nilimwona. Ukungu ulikuwa bado chini, na mtu mrefu mwenye koti alikuwa amechuchumaa kwenye bustani ya ndugu yake, na kikombe cha bati, anamwagilia kabichi. Moja moja. Anatazama nyuma kama mwizi. Nikajificha nyuma ya mgomba. Alipofika kwenye kabichi ya mwisho nilimsikia anaiambia kitu kwa Kinyambo, kile kile ambacho huambiwa ndama anapoanza kunyonya vizuri.

Nilimwambia mke wa Mchungaji wa Kuku. Yule mama alitabasamu tu. Siku hiyo alichemsha mayai, akayaweka kwenye sahani, akayapeleka mezani, kati ya wale wanaume wawili, kisha akaja kukaa nami mlangoni kama vile tuna kazi hapo.

Waliitazama ile sahani. Kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake.

"Kula," alisema kaka mkubwa. "Ni ya kwako."

"Mgeni kwanza."

"Mimi nitakufuata wewe. Wewe umezoea."

Mchungaji wa Kuku akaisogeza sahani kwa kidole. Kisha akasema, "Sijawahi."

"Hujawahi nini?"

"Kula."

Kaka yake aligeuka na mwili mzima. "Miaka yote hii? Sisi tumekutenga, tumekusema kwenye harusi na kwenye misiba, na wewe hujala hata yai moja?"

"Nilikuwa nafuga tu."

Yule mzee mkubwa alianza kucheka. Kicheko kilianza kifuani, koti likatikisika, kofia ikaanguka, na machozi yakamtoka. "Basi tumekosana bure!" alisema. "Tumekosana bure kabisa!" Na ndugu yake akacheka naye, na walicheka wamekamatana mikono, wazee wawili, mpaka kuku wakasogea mlangoni kuona kuna nini. Kisha kaka akachukua yai, akalimenya vibaya, ganda likitoka na vipande vya yai, akatia lililobaki mdomoni. Mdogo wake akafanya vivyo hivyo. Walitafuna huku wanatazamana.

"Halina ladha," alisema kaka mkubwa.

"Wekeni chumvi," mama alisema kutoka mlangoni.

Mvua zilipoanza wanawe walikuja kumchukua. Alipanda pikipiki akiwa amefunga vifungo vyote vya lile koti, na sisi sote tuliona miche ya kabichi ikichungulia shingoni, tukampungia mkono.

Miaka michache iliyopita mimi na mume wangu tulihamia Nkwenda, anakonunua mazao. Kibanja tumemwachia shemeji. Mwaka jana, mwezi Septemba, nilirudi kumwona yule mzee. Nilikuwa na mjukuu wangu wa kwanza, binti wa binti yangu, ameanza tu kukaa mwenyewe bila kushikwa. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha alfajiri, na njia nzima ilikuwa inanukia.

Nilimkuta bustanini. Amekonda, na macho yamekuwa na ukungu. Anapanda kwa kupapasa, anapima nafasi kati ya mche na mche kwa kiganja. Mkewe alikuwa nyuma yake anashindilia udongo. Kuku walikuwa nje ya uzio, wanafukuzana na kumbikumbi waliochelewa, wanarukiana kama watoto wa shule waliofunguliwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainua kichwa. "Umekuja na mtu. Namsikia anapumua."

"Nimekuja na mjukuu wako."

"Mlete hapa chini. Nitamwonaje akiwa huko juu?"

Nikatandika kanga pembeni ya tuta, nikamkalisha. Mzee alimpapasa kichwa, masikio, akashika vidole vya miguu kimoja kimoja. Tukaanza kuzungumza, habari za Nkwenda, za bei, za kaka yake ambaye sasa mke wake ana bustani ya vitunguu kubwa kuliko zizi. Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameshatoka kwenye kanga. Ameketi kwenye udongo mbichi, mikono yote miwili imejaa, na mdomo mweusi mpaka kidevuni.

Niliruka. "Jamani! Anakula udongo!"

"Mwache," mzee alisema.

"Baba, ni udongo wenye samadi!"

"Najua. Ni wangu." Alisogea kwa magoti mpaka karibu naye, akasikiliza jinsi anavyotafuna. Mtoto alitulia, akafikiri, akakunja uso, kisha akachota mwingine. Yule mzee alipiga kelele, sauti ile ile kubwa ya zamani iliyokuwa inasimamisha watu njiani, na kuku wote wakatawanyika.

"Anarudia! Mama, umesikia? Ameonja, na anarudia!"

Mkewe alikuja na maji ya kumsafisha, akicheka, na mimi nikafunga kanga kiunoni, nikavua viatu, nikaomba mche. Alinipa. Tulipanda mpaka mstari ukaisha.